Arobaini ya Ruqaiya Bila Jiko

Sikuunguza jengo. Nalisema hilo mwanzo, kwa sababu nyinyi wenzangu wa Al Khuwair habari hii mliipokea msibani, mkaitia chumvi arusini, na juzi mtu wa Ruwi kanisimulia mie mwenyewe kuwa kuna bibi mmoja Mzanzibari kaenda Japani akachoma bweni la wanafunzi. Bibi huyo ni mie. Bweni lipo, limesimama, na mlinzi wake bado anatembea na funguo zake. Basi nimekaa kitako naandika. Mwandiko wangu ni wa chuo cha Kurani na wa masomo ya jioni ya watu wazima, mtanisamehe. Anayetaka chumvi zaidi atie kwenye mchuzi wake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Binti yangu Ruqaiya alikuwa Japani anasomea kuyageuza maji ya bahari yawe ya kunywa, amebakiza mwaka mmoja. Mumewe, Nassor, yuko huku Maskati wizarani. Likizo ile aliyokuja Ruqaiya alirudi na mimba, na mimba ilipokua, mama yake Nassor, Bi Sheikha wa Qurayyat, akatoa hukumu. Mjukuu azaliwe popote, lakini arobaini, siku zile za kulelewa baada ya kuzaa, mzazi ataikalia Qurayyat, chini ya mkono wake.

Sasa mnamjua Bi Sheikha, Mpemba yule, mkono wake mzuri wa kulea mzazi, sina neno. Lakini mwanamke akishaingia Qurayyat na mtoto mchanga, leo mtoto ana mafua, kesho meno, kesho kutwa ana mimba nyingine, na skuli imekwenda zake. Mie nalijua hilo. Nilitolewa skuli nikiwa bado nahesabia vidole, nikaolewa, wala sikuulizwa. Kwa hivyo nikamwambia mbele ya mwanawe, "Arobaini atakaa huko huko Japani, na mie nitakwenda kumlea."

"Kwa jiko gani?" akaniuliza.

"Penye watu pana jiko, Bi Sheikha."

Akacheka. Kisha akasema neno ambalo lilinisindikiza njia nzima: "Haya. Arobaini ikikushinda, Nassor atakwenda kumchukua mkewe na mtoto. Umesikia, Nassor?" Nassor akasema amesikia. Mtoto mzuri yule, lakini mbele ya mama yake anakuwa kama kiti.

Kutoka Maskati

Mambo ya tikiti na pasi nayaacha, hayana ladha. Nitasema nilichobeba. Ruwi, nyuma ya stendi ya basi, kwa Mhindi mmoja, nilinunua chupa mbili za chai za kuhifadhi moto, moja nyembamba ya kahawa na moja pana ya mdomo mkubwa, ile tunayochukulia supu tukienda kulaza wagonjwa. Nikatia pilipili manga, hulba, yaani uwatu, habbasoda, thumu, ndimu kavu nyeusi, tende, papa mkavu, samli, ubani, na chetezo cha umeme. Nassor aliponiona akaniuliza, "Mama, nguo umeweka wapi?" Nikamwambia nguo nimezivaa.

Bi Sheikha naye akaleta kuku. Jogoo wa kwake mwenyewe, kachinjwa, kakaushwa kwa chumvi na bizari, kazamishwa ndani ya samli kwenye kopo, maana mzazi bila supu ya kuku si mzazi. Akanikabidhi kama anayekabidhi amana. "Huyu ndiye atakayemsimamisha miguu," akasema. Nikampokea kwa mikono miwili. Kuku yule mumkumbuke.

Bangkok

Ndege ya pili ikaharibika, na sisi tukabaki pale Bangkok tunazunguka madukani kama kuku wageni. Nilipokaa nikalia kidogo, nasema kweli, kwa sababu nilipiga simu nikaambiwa Ruqaiya keshajifungua, mtoto wa kike, na mie nimekaa chini ya picha ya manukato.

Ndipo akanisogelea kijana mmoja. "Shikamoo mama. Nimesikia unaongea Kiswahili kwenye simu." Wa Arusha, anakwenda Japani kununua spea za magari, kila mwaka huenda. Nikampa tende, akanipa chai, tukawa ndugu.

Nikamwuliza, "Huko watu wasio na pesa wanakula nini?"

"Mama, usiangalie chakula, angalia kibandiko," akaniambia. "Jioni, kabla hawajafunga, wanapita na vibandiko vya kupunguza bei. Samaki wa kuchoma, mayai ya kuchemsha, wali wa mafungu. Wewe simama pembeni kama vile unachagua limau. Kibandiko kikibandikwa tu, nyoosha mkono."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe yumo mpaka kwenye vitu usivyodhania. Mama kaa na samaki. Samaki hana siri."

Maneno yale yameniokoa kuliko kamusi aliyonipa Nassor, ambayo sikuifungua.

Osaka, meza ya mizigo

Ofisa wa forodha alikuwa kijana msafi mno, glavu nyeupe. Akafungua sanduku. Papa akamsalimia. Kijana akarudi nyuma hatua moja, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, na mkubwa akaleta mbwa. Mbwa akanusa pilipili manga, akapiga chafya akakaa chini. Kuanzia hapo mbwa hakutaka tena kazi ile.

Papa akapita, samaki mkavu kwao si kitu kigeni. Hulba ikapita. Wakafika kwenye kopo la Bi Sheikha. Wakalifungua, wakachungulia, mkubwa akatikisa kichwa. Nyama haiingii. Akanionyesha picha ya ng'ombe na kuku zimepigwa mstari mwekundu.

Nikamwambia kwa Kiswahili, maana kila lugha pale ilikuwa sawa tu, "Baba, kuku huyu si wangu. Ni wa mkwe wa mwanangu. Ukimchukua, unanichongea." Akainama kwa adabu. Nikaendelea. Akainama tena. Watu wale wanakunyima kwa heshima mpaka unaona haya kugombana. Jogoo wa Qurayyat akaingia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, na mie nikaingia Japani bila silaha.

Chumba cha Ruqaiya

Mji wenyewe uko mbali kidogo kwa treni, jina lake nalivunja kila nikilitamka, basi tuliache. Nilimkuta Ruqaiya ndio kwanza ametoka hospitali, amekaa juu ya godoro la sakafuni na mtoto kifuani, uso umemsawijika. Nilipomaliza kumbusu nikauliza jiko liko wapi.

"Hakuna jiko, Mama."

"La chini?"

"Hata chini. Tulikuwa tunakula kantini, na kantini imefungwa, vyuo vimefunga. Kupika vyumbani marufuku."

Nikakaa. Nikamkumbuka Bi Sheikha anavyocheka. Kisha Ruqaiya akafungua kabati, nyuma ya makoti akatoa jiko dogo la umeme la kupikia wali, limefunikwa kwa mtandio kama bibi arusi. "Ila hili," akasema kwa sauti ya chini. Nikajua huyu kweli nimemzaa mie.

Kwa jiko lile tukaanza. Uji wa mchele na pilipili manga asubuhi, papa na wali mchana. Ruqaiya akaanza kurudi rangi. Wauguzi walikuwa wanampima mtoto, na mara ya kwanza uzito haukuwa mzuri. Maziwa ya mama machache, wakasema. Nikamwambia Ruqaiya asimweleze mumewe. Akasema keshamweleza. Na Nassor keshamweleza mama yake, hilo halihitaji kuandikwa.

Basi nikasema tumfukize. Mnajua wenyewe, mzazi hafukizwi akabaki mchovu, ubani unafungua mwili. Nikachomeka chetezo cha umeme, nikaweka ubani wa Dhofar ule mweupe, nikamsimamisha Ruqaiya juu yake na kanga imemzunguka, na mtoto nikamweka mbali godoroni. Chumba kikajaa harufu ya nyumbani. Ruqaiya akafumba macho akasema, "Mama, kama niko Maskati."

Hapo king'ora kikalia.

Hakilii kama vile vya magari. Kilisema, sauti ya mwanamke mpole kabisa, ikirudia maneno yale yale, na kengele nyuma yake. Milango ikafunguka jengo zima. Tukashuka ngazi na mtoto nimemfunga kwenye shuka tatu. Barabarani baridi ya kukata masikio, na wanafunzi wote waliobaki likizo wamesimama mstari, mmoja ana povu la sabuni kichwani, mwingine kavaa kiatu kimoja, hakuna anayetukana. Gari la zimamoto likaja. Wakapanda, wakashuka na chetezo changu wamekishika kwa koleo.

Moto haukuwepo. Ulikuwa moshi tu, tena moshi wa kheri.

Mlinzi wa jengo, mzee mwembamba mwenye funguo kiunoni, mie nikampa jina Mzee Funguo, akapanda chumbani kukagua. Akafungua kabati. Akafunua mtandio. Alilichukua jiko la wali akalikumbatia kifuani, akasema maneno mengi taratibu. Ruqaiya akanifasiria: jiko litakaa ofisini kwa mzee mpaka siku Ruqaiya atakapohama. Na tukipika tena chochote humu, tutahama sisi.

Jioni ile Nassor akapiga simu. "Mama, mama yangu anasema basi. Anasema jiko huna na kuku huna. Niombe likizo nije nimchukue?"

"Arobaini imekwisha?" nikamwuliza.

"Bado."

"Basi mwambie asihesabu maiti mgonjwa angali anakohoa." Nikamrudishia Ruqaiya simu.

Chupa mbili

Chini, karibu na mlango, kilikuwapo chumba cha kupumzikia, na ndani yake birika kubwa la umeme lenye maji ya moto siku nzima, kwa ajili ya chai ya wanafunzi. Nikateremka na chupa pana. Ndani yake nimetia mchele uliovunjika, konzi moja, na hulba iliyolala majini. Nikasuuza kwa maji ya moto, nikamwaga, nikajaza tena, nikafunga kwa nguvu, nikaizungushia koti. Nikaiacha mpaka adhuhuri kupita. Nilipofungua, mchele umepasuka, uji laini, mtoto wa mwaka angekunywa. Nikatia pilipili manga, samli na tende. Ruqaiya akanywa, jasho likamtoka kwenye pua. Mzazi akitoka jasho la pua, shukuru.

Katika chupa nyembamba nikatia mayai? Hayaingii, nilijaribu, moja lilipasuka mdomoni mwa chupa. Basi mayai yakawa zamu ya chupa pana, yanatoka ute mzito mweupe na kiini kimeshika, na nyembamba ikawa ya thumu na ndimu kavu.

Siku ya tatu Mzee Funguo akanizuia birikani. Akaangalia chupa. Akasema neno na Ruqaiya, aliyekuwa nyuma yangu na mtoto.

"Anauliza unachukua maji ya nini, Mama."

"Mwambie chai."

"Mama, si chai."

"Maji ya moto ni chai. Kilichobaki ni majani tu. Na mwambie hivi: amesema tusipike. Hatupiki. Chupa inapika, na chupa haina waya wala moto. Kama kwao chupa ya chai marufuku, anionyeshe picha yake imepigwa mstari mwekundu."

Sijui alifasiri kiasi gani. Lakini Mzee Funguo aliinama akaishika chupa, akaigeuza, akatafuta waya. Hakuna. Akaitia sikioni. Kisha akarudi ofisini kwake, na kesho yake nikalikuta birika limejazwa mpaka juu kabla sijafika. Wema au kuniharakisha niondoke pale, hajasema, nami sikumwuliza.

Samaki nilimpata sokoni, soko lenye paa, kwa mama mmoja mtu mzima anayechoma vibua mbele ya duka lake. Vibua kabisa, mgongo wa mistari, nilitamani kuwasalimia kwa majina. Nikasimama pembeni nachagua limau, kama nilivyofundishwa. Kibandiko kikabandikwa, nikanyoosha mkono. Siku ya nne Bi Vibua, jina nimempa mie, akanivutia kigoda akanimiminia chai.

Nikanywa. Nikamaliza. Nikakishika kikombe nikakitikisa kidogo, kama tunavyotikisa huku kumwambia mwenyeji basi, imetosha. Akajaza. Nikanywa kwa adabu, nikatikisa. Akajaza, tena akiwa na furaha, amepata mnywaji. Mie natikisa, yeye anajaza. Nilivyofika chumbani sikusalimia mtu, nilipitiliza msalani. Ruqaiya alicheka mpaka akashika tumbo. "Huku, Mama, ukishatosheka unakiacha kikombe kimejaa." Sasa mtu utajuaje? Kwetu kikombe kilichojaa ni tusi.

Lakini baada ya chai ile Bi Vibua akawa ananifungia vichwa na miiba bila kibandiko chochote. Miiba ndani ya chupa pana, maji ya moto, thumu, pilipili manga, ndimu kavu moja iliyotobolewa. Mchana kutwa. Supu ile, wallahi, ilikuwa nyeupe ya mafuta, na Ruqaiya akainywa mpaka akakwangua. Usiku baridi ikizidi linapita gari la viazi vitamu vya kuchoma, dereva anaimba kama anaadhini kwa maringo, na kiazi kimoja kinashibisha watu wawili. Kiazi unakila kimekupasha mikono kwanza.

Wauguzi wakampima mtoto tena. Yule muuguzi akaandika, akaangalia, akampima mara ya pili. Akamwuliza Ruqaiya anakula nini.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anasema niendelee."

Kurudi, na Qurayyat

Arobaini ilipotimia nilimkogesha mzazi, tukamnyoa mtoto nywele za kwanza, na sadaka yake ikaenda kwa Bi Vibua kwa njia ya tende, maana maskini wengine sikuwajua. Ruqaiya akarudi darasani. Mwenzake mmoja wa Indonesia, mwenye mtoto wake, akakubali kumshikia wa kwetu kwa muda. Kwa muda tu. Viza yangu ilikwisha, nikamwacha mwanangu mlangoni na chupa mbili.

Maskati sikulala siku nyingi. Nikamwambia Nassor anipeleke kwa mama yake. Njiani akaniambia ukweli: likizo bila mshahara anaweza kupata, mwaka mzima, akakae na mkewe mpaka amalize. Lakini mama yake anamtaka aende wiki moja tu, awalete. "Nami siwezi kumvunja, Mama."

"Wewe kaa kimya," nikamwambia. "Hilo unaliweza."

Bi Sheikha alitupokea vizuri. Halua, matunda, kisha dalla, birika la kahawa, akamimina mwenyewe. Kikombe cha kwanza akaniuliza habari za safari. Cha pili akauliza, "Kuku wangu yuko wapi?"

"Kachukuliwa na serikali ya Japani."

"Basi arobaini bila kuku."

"Bila kuku."

"Na bila jiko."

"Bila jiko." Nikanyoosha kikombe. Akajaza.

"Hiyo si arobaini, Bi Asya. Hayo ni mashindano. Mtoto arudi."

Nikampa picha. Mtoto kwenye shuka, mashavu yamefunika shingo, mikono ina mikunjo kama mikate ya kumimina. Akaiangalia. Nikanyoosha kikombe, akajaza. Akauliza, "Huyu amenyonya nini?" Nikamweleza chupa, miiba, hulba, ndimu kavu. Kila nikimaliza kikombe nanyoosha, sikitikisi. Na mwenyeji, mgeni asipotikisa, hana ruhusa ya kukoma. Alikuwa anajua ninachofanya. Mpemba hafichwi kitu.

"Utalala macho leo," akaniambia.

"Nishazoea. Nilikuwa na mjukuu wako."

Nassor anaangalia zulia. Dalla ikawa nyepesi mkononi mwa mama yake, nikaisikia. Bi Sheikha akamimina, likatoka tone na machicha.

Akaiweka chini. Akakaa na picha mapajani. Kisha akanyanyuka, magoti yakamlia, akaingia ndani. Tukamsikia anafungua makabati. Alirudi na chupa ya chai kubwa, pana kuliko yangu, mdomo wa kuingiza ngumi, na papa mkavu mzima amefungwa kwenye gazeti. Akavitua mbele ya mwanawe.

"Zile mbili hazitawatosha," akamwambia. "Na wewe utakuwa unakula. Na hulba usiifuate Ruwi, chukua yangu."

Nassor akainua kichwa. "Nichukue ya wiki ngapi, Mama?"

"Mwaka una wiki ngapi? Si umesoma wewe?"

Mie hapo ndipo nilipokitikisa kikombe.